Mzee Asiye na Timu

Kosa la kwanza la Clive lilikuwa kusimama chini ya saa isiyo yenyewe.

Mama alikuwa amemwambia kwenye simu, nami niko pembeni nasikia kila neno, "Tukutane chini ya saa." Basi. Mtu wa Melbourne haongezi maelezo hapo. Chini ya saa ni pale kwenye ngazi za stesheni kuu, chini ya ule mstari wa saa zinazoonyesha treni zinazoondoka, mahali ambapo watu wa mji huu wamekuwa wakikutana na wachumba, mashangazi na maadui tangu enzi ambazo kila mwanamume alivaa kofia. Hata mimi niliyezaliwa Mallee, kwenye mashamba ya ngano, mwendo wa mchana kutwa kutoka hapo, najua. Clive Tully, aliyekuwa akijitapa kwamba kazaliwa na kukulia katikati ya mji, hakuonekana. Tulisimama pale upepo wa Julai ukitukata masikio, watoto wa likizo wakitupita na skafu za timu zao, mpaka simu ya Mama ikalia.

"Niko chini ya saa," akasema Clive. "Ninyi mko wapi?"

Alikuwa chini ya mnara wa saa wa ukumbi wa jiji, kule juu Swanston Street.

"Amechanganyikiwa tu, masikini," Mama akasema akipangusa pua. "Ni baridi hii."

Baridi! Tangu lini baridi ikamsahaulisha mtu alikozaliwa? Machale yakanicheza pale pale, na mimi yakinicheza huwa hayachezi bure.

Niseme mapema kwamba sina tabia ya kuamini watu. Naitwa Roslyn Pascoe, naendesha basi la shule, na kazi hiyo humzoeza mtu kuwatazama binadamu kwa kioo cha mbele kinachoona nyuma. Najua nani kamwaga juisi hata kabla haijafika sakafuni. Mume wangu wa zamani alikuwa akisema kwamba nikipewa zawadi nageuza kwanza chini yake kutafuta tundu. Alikuwa na sababu zake za kulalamika, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kutafuta tundu.

Na safari hii kulikuwa na jambo kubwa. Mama yangu, Lorna, ni mjane wa miaka sabini na tatu, anakaa nyumba aliyoachiwa na Baba, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Kila alasiri nikiegesha basi navuka, tunakunywa chai. Kiangazi kilichopita Clive alikuja kwetu na kundi la wastaafu kutoka mjini kushindana kuviringisha matufe kwenye nyasi za klabu yetu. Akashindwa vibaya, akacheka, Mama akampenda. Tangu siku hiyo simu haikupoa. Mwezi wa tano akamwomba waoane, Mama ahamie kwake Melbourne. Mama alisema atajibu mwisho wa likizo ya baridi, Clive akishatuonyesha "mji wake". Kwa hiyo jibu lilikuwa bado mdomoni mwa Mama, nami nilikuja kuhakikisha linatoka likiwa hapana.

Clive alitujia mbio mbio akihema, mzee mrefu, mwembamba, viatu vimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama. Akaomba radhi mara tatu. Kisha akaanza kutuongoza.

Na aliongoza vizuri, tatizo ndilo hilo. Mtu akikuonyesha kwao huwa anakuambia hapa nilivunja jino, pale shangazi alimpiga konda mwavuli. Clive hakuwa na jino wala shangazi. Tukifika mbele ya jengo alisimama wima, akanyoosha kidole, akaanza: "Hili lilijengwa enzi za dhahabu. Tazameni zile nguzo, mawe yake yalitoka mbali." Tukihama, jengo jingine, wimbo ule ule. Mama alikuwa amemshika mkono, anaitikia "kumbe!" na "jamani!" ilhali yeye ndiye aliyezaliwa Richmond, dakika chache kwa tramu, na majengo yale aliyapita kila siku akienda kushona kwenye kiwanda kabla Baba hajamchukua mashambani.

Tukiwa karibu na jumba la zamani la hazina, likapita kundi la watalii likiongozwa na msichana mwenye mwavuli wa njano. Yule msichana akamwona Clive, uso ukamchanua.

"Clive! Leo tena? Mbona hupo nasi?"

Clive akawa mwekundu hadi shingoni. "Umenifananisha," akasema, akamgeuza Mama haraka upande wa pili.

"Kakuita jina," nikamwambia.

"Kina Clive wengi."

"Kina Clive wengi wenye koti hilo?"

"Ros," Mama akaniambia, "mwache mtu apumue." Lakini nilimwona akigeuka kuutazama ule mwavuli wa njano mpaka ukapotea kwenye kona.

Mvua ikaanza kunyunya. Tukaingia kwenye ujia wa maduka ya kale, ule wenye paa la kioo na majitu mawili ya mbao yanayogonga kengele kila saa inapotimia. Hakuna mtoto wa Melbourne ambaye hakuwahi kuburutwa pale na bibi yake asimame akikodolea macho. Mama alikuwa akituleta mimi na kaka yangu kila tulipokuja mjini, tulikuwa tunashindana nani hatashtuka. Clive alisimama ameyapa mgongo, anatuambia habari za marumaru za sakafu. Saa ikatimia. Lile la kwanza likagonga, na Clive akaruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Akageuka, akainua uso, akabaki kinywa wazi. Mzee wa miaka sabini na kitu, anayatazama kama kazaliwa jana.

"Hukuwahi kuyaona?" nikauliza.

"Nimeyaona sana," akasema, macho hayabanduki huko juu.

Basi nikajua ni mwongo. Kilichobaki kilikuwa kujua anaficha nini. Mwenye mke mwingine? Tapeli wa wajane? Mtu aliyebadilisha jina? Roho ilikuwa juu juu, nami, nisidanganye, nilikuwa na raha kidogo, maana kazi niliyoijia ilikuwa imeanza kuiva.

Tulikunywa chai kwenye kile chumba cha keki cha kizamani ambacho watu hupanga foleni hata mvuani. Tukaagiza skonzi kwa jemu na krimu. Hapo nikamtupia swali ambalo mji huu humuuliza mtu kabla ya kazi wala dini.

"Sasa Clive, unashangilia nani?"

Mpira wetu ni ule wa umbo la yai, na timu hapa hatuchagui. Mtu huirithi kwa baba yake kama pua. Ukirithi timu mbovu utalia nayo kila Jumamosi na utazikwa na skafu yake.

"Aa, mpira mimi si sana," akasema.

Mama akacheka. "Si sana! Clive, umezaliwa Carlton, mtaa wenye timu yake."

"Basi Carlton."

Basi Carlton! Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akitaja timu yake kama anayechagua soksi. Hata mhudumu aliyekuwa anatumiminia chai alisita.

"Baba yako alikuwa akikupeleka uwanjani?" nikauliza, sauti tamu kama ile jemu.

"Ee, ndiyo. Nyuma ya goli. Alikuwa ananibeba mabegani."

Kijiko cha Mama kikasimama. "Si uliniambia baba yako alikufa vitani kabla hujazaliwa?"

Clive akatazama kikombe chake.

"Huyu alikuwa baba wa kambo," akasema hatimaye.

"Ahaa," akasema Mama, akaendelea kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

Kutoka hapo nilimtazama mikono. Alikula akiwa amezungusha mkono wa kushoto mbele ya sahani, kama anayekinga kitu kisinyakuliwe, na alikula haraka, kichwa chini, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha, alipodhani tunatazama dirishani, skonzi iliyobaki ikaingia mfuko wa koti. Kwetu kuna fundi mmoja wa mabomba aliyekuwa akila hivyo hivyo, na kila mtu anajua alijifunzia wapi. Alikuwa amekaa gerezani miaka kumi na moja.

Gereza! Kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana hajui mji: miaka ambayo wenzake walikuwa wakitembea, yeye alikuwa ndani. Nikaweka kikombe chini.

"Twendeni gereza la zamani," nikasema. "Lile la Russell Street. Wamelifungua kwa ajili ya likizo."

Rangi ikamtoka Clive. "Kuna bustani nzuri upande wa mto," akasema. "Nilipanga bustani."

"Bustani na mvua hii?" Mama akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Twende gerezani. Sijafika huko tangu nasoma."

Watu wengine huwekewa mtego wa panya. Mimi nilimwekea Clive mtego wa mawe, orofa tatu za seli na korido za chuma, umejaa wazazi wenye maji ya mvua mabegani na watoto wanaopigana pingu za bandia. Mama alikwenda chooni moja kwa moja, chai ilikuwa imemzidi. Nikabaki na mtu wangu. Alisimama katikati ya ile korido, mbali na milango ya pande zote mbili, mikono mifukoni.

"Ingia humu nikupige picha," nikamwambia, nikimwonyesha seli iliyo wazi. "Mama ataipenda."

"Ros, naomba—"

"Picha moja tu. Au kuna sababu?"

Akanitazama. Akaingia. Nilikuwa bado nainua simu pale mtoto wa watu alipokuja mbio na kuusukuma ule mlango, ukajifunga kwa kishindo kilichorudi kutoka kila ukuta. Baba yake akamkemea, akaufungua papo hapo. Haukukaa hata muda wa kukohoa.

Clive hakuwa amepiga kelele. Alikuwa amegeukia ukuta wa ndani, pua karibu iguse jiwe, visigino pamoja, mikono imenyooka pembeni. Mlango ulikuwa wazi na yeye hajageuka. Watoto wakaanza kucheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikasubiri. Hakugeuka.

"Clive," nikasema. "Wamefungua."

Hapo tu ndipo akageuka.

Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye benchi chini ya kibaraza. Tramu zilipita na taa zake, mvua imekuwa ya ukungu. Ningeweza kumwonea huruma, lakini nilikuwa nimekaribia mno kuipata siri yake.

"Ulifungwa kwa kosa gani?" nikamuuliza kavukavu.

"Nani kakuambia?"

"Mkono wako mezani. Skonzi mfukoni. Na huo ukuta. Sema, Clive. Uliua? Uliiba? Unataka kulala nyumba moja na mama yangu, nina haki ya kujua."

Alivua kofia, akaiweka magotini. "Kosa lenyewe silikumbuki vizuri," akasema. "Nilikuwa na miaka minne."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilimtazama nione kama mdomo unacheza. Haukucheza.

"Nilipelekwa mahakamani kweli. Hakimu, askari, kila kitu. Shitaka lilikuwa kwamba sina mtu wa kunitunza. Zamani ndivyo walivyofanya. Mtoto hana mlezi, anashitakiwa kwa kutokuwa na mlezi, anapatikana na hatia, anapelekwa kwenye nyumba ya watoto mpaka awe na nguvu za kufanya kazi. Nilikulia huko, nje kabisa ya mji. Ukikosa, unageukia ukuta mpaka uambiwe basi. Wakati mwingine walisahau kukuambia."

"Na Carlton?"

"Nadhani ndiko nilikookotwa. Baba sikumjua hata jina, Ros. Sasa timu ningeitoa wapi?"

Bado nilikuwa natafuta tundu. Pua yangu hainyamazi hata nikiiomba. "Na yule msichana wa mwavuli?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwenye chai. "Kiongozi wa watalii. Nimetembea na kundi lake mwezi mzima. Wajerumani, Wakorea na mimi. Nilimwahidi Lorna nitamwonyesha mji wangu, na mji sina. Nilipotoka kule walinipeleka kukamua ng'ombe mashambani, Gippsland, halafu nikafanya kazi za reli, nimehamia hapa uzeeni. Ikabidi nijifunze." Akapangusa kofia maji. "Habari za saa hawakutufundisha."

Nikacheka bila kutaka, kisha nikaona aibu ya kucheka.

"Mji huu nililetwa mara moja tu utotoni," akaendelea, macho kwenye barabara. "Kulikuwa na watu wema waliokuwa wakichukua mtoto mmoja likizo ya baridi, akae nao. Mimi nikachukuliwa na mke na mume wa Essendon, mtaa wa hapa hapa mjini. Kitanda changu kilikuwa na shuka za maua. Wakanileta hapa kwa tramu, tukala keki, yule mama akanifuta mdomo kwa kitambaa chake. Nikajua nimefika nyumbani. Kabla ya likizo kwisha akakuta vipande vya mkate chini ya mto wangu. Hakunigombeza. Alifunga kisanduku changu, wakanirudisha. Tangu hapo, nikiwa mahali pazuri huwa nasubiri kurudishwa."

"Ungemwambia Mama."

"Siku ya kwanza aliniuliza watu wangu ni kina nani. Unajua watu wa rika letu walivyokuwa wakituita sisi wa nyumba zile. Nikasema uongo mmoja, halafu ule ukawa unadai mwenzake kila siku." Akanigeukia. "Nipe mpaka jioni. Nataka asikie kwangu."

Nilijua walivyokuwa wakiwaita: watoto wabaya, wezi. Nilipokuwa mdogo, nikikataa kabichi, Mama alikuwa akisema atanipeleka nikaishi na watoto wa nyumba kama ile, na mimi nilikuwa naimeza kabichi yote kwa woga.

"Mpaka jioni," nikamwambia. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, kama mtu aliyevunja mlango wa nyumba akakuta mgonjwa kitandani.

Mama akatoka, koti limefungwa vifungo vyote. Alitutazama, yeye kisha mimi.

"Clive, mpenzi, tuletee chai pale ng'ambo," akasema. "Ya Ros sukari mbili."

Clive alipokuwa tu katikati ya barabara, Mama akakaa alipokuwa amekaa yeye. "Haya. Umepata nini?"

"Nimepata nini wapi?"

"Usinifanye mjinga. Unadhani nimekuleta uone majengo? Majengo nayajua kabla hujazaliwa. Nimekuleta unuse. Nina masikio mimi. Nimesikia ya saa, nimesikia ya mtu aliyekufa vitani akambeba mtoto mabegani. Nampenda huyu mzee, Ros, nampenda mpaka najiogopa. Ndiyo maana nilitaka mtu asiyempenda. Sema."

Maisha yangu yote sikuwahi kubania habari mbaya ya mtu. Nilikuwa nayo hapa, imejaa mdomo mzima.

"Sijapata kitu," nikasema.

"Wewe?"

"Hakuna kitu, Mama. Ni mtu mzuri."

"Mtu mzuri." Alilirudia kama anayeonja maziwa yaliyochacha. "Wewe uliyemshuku mchungaji kwa sababu ya viatu vyake. Tangu nikuzae sijasikia neno hilo kinywani mwako. Basi ni kubwa. Ni kubwa mpaka wewe, wewe, unaona haya kulitamka."

"Si hivyo—"

"Ni hivyo. Kakununua kwa kitu gani? Machozi?" Akanyanyuka. "Basi, imekwisha. Jibu ni hapana. Akirudi na hiyo chai namwambia."

Hapana yenyewe hiyo. Ndiyo niliyoijia, kaisema bila hata kusukumwa, na nyumba ya Mama itabaki na taa, na alasiri nitavuka barabara kama kawaida. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikatazama ng'ambo. Clive alikuwa akisubiri tramu ipite, vikombe vitatu amevishika kwa mikono miwili, amevikinga na mvua kwa kifua chake.

"Mama, usimjibu. Muulize kwanza."

"Nimuulize nini? Nimeuliza yote, nimejibiwa yote."

"Muulize kwa nini kaweka skonzi mfukoni. Halafu nyamaza mpaka amalize. Akikaa kimya, nawe kaa kimya."

Akanikazia macho. "Kaweka skonzi mfukoni?"

Clive akafika. Nikachukua kikombe changu, nikaenda kusimama mbali, kwenye ukuta wa gereza, karibu na foleni ya kuingilia. Kwa mtu kama mimi hakuna adhabu kubwa kama kuona bila kusikia. Walikaa bega kwa bega, wakitazama barabara, maana huku kwetu mambo mazito hatuyasemi tukitazamana. Niliona mdomo wa Mama ukisogea mara moja. Kisha muda mrefu hakuna kilichosogea. Kisha wa Clive. Aliongea hadi chai yangu ikapoa, na Mama hakukata neno hata moja, yeye anayemkata hata msomaji wa habari redioni.

Alipomaliza, Mama akasimama. Akachukua mkoba wake, akautundika mkononi, vile anavyofanya akiondoka mahali ambapo hana mpango wa kurudi. Clive hakumshika. Hakumwita. Alikaa wima, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja mpaka juu, akaweka kofia kichwani, akatulia. Alikuwa anaujua utaratibu. Nilipoona vile nikataka kupiga kelele.

Mama akaja moja kwa moja kwangu.

"Ulijua."

"Tangu ulipokuwa chooni."

"Ukaninyima."

"Aliniomba, Mama."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kabichi," akasema. "Nilikuwa nakutisha na watoto wale ili ule kabichi. Na yeye alikuwa humo ndani."

Nilitaka kumwambia kwamba kila mama alikuwa akisema vile. Hakuningoja. Aligeuka akarudi kwenye benchi, akasimama mbele ya Clive, na aliposema, foleni nzima ya gereza ikasikia.

"Clive Tully, simama."

Akasimama upesi mno, visigino pamoja.

"Huu mji sihamii. Una upepo, na chai yake inakuja kwenye kikombe cha karatasi."

"Naelewa, Lorna," akasema Clive polepole. "Haina neno. Nitawasindikiza stesheni."

"Huelewi kitu. Jumapili unapanda treni pamoja na sisi. Nenda kakate tiketi yako sasa hivi kabla hawajafunga. Ya kwenda tu."

Clive akamtazama. "Ya kwenda tu?"

"Kwangu si pa kuja kukaa likizo. Ya kurudi usikate, hutaihitaji. Na ukinidanganya tena, hata kwa kitu kidogo, nitakugombeza mpaka majirani watoke nje, lakini utakuwa umekaa humo humo ndani ukigombezwa."

Akanigeukia mimi, yule mzee, kama anayeuliza kama amesikia sawasawa. Mimi ambaye siamini mtu.

"Kasema ya kwenda tu," nikamwambia, na sauti ikanikatika njiani.

Clive akarudi kukaa. Akavua ile kofia, akafunika uso wake wote nayo, akalia kwa sauti mbele za watu wazima na watoto wa likizo. Mama akasogea mpaka magoti yao yakagusana, akafungua koti lake na kulitandaza pande mbili, akasimama hivyo, mvua ikimlowesha mgongo, ili watu wa foleni wasimwone.